Bustani ya mtaa: vijana waulizwe kabla mchoro haujaanza

Mimi ni mtu wa mipango miji, na ombi nnalopata sana kwa watendaji wa mitaa hapa Mtwara ni hili, "dada, eneo tumepata, tuchoree bustani". Yani mchoro wanautaka kesho. Na kesho naweza kuutoa kweli, ila mtapata bustani ambayo watoto hawaingii, chandimu wataendelea kupiga barabarani na mabenchi yatabaki ya kuanikia makopa.

Maeneo tunayo, tusidanganyane. Mji huu ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kipindi cha ule mradi wa karanga wa Waingereza, walitegemea bandari na reli ya Nachingwea vitaleta mji mkubwa, reli ikaja kung'olewa ila barabara pana na nafasi wazi zikabaki, sasa ndo tunazimega taratibu, leo banda la chipsi kesho kiwanja cha mtu. Eneo la wazi lenye watoto ndani kila jioni huwa gumu kumegwa, ndo maana nalipigania hili.

Sasa hilo la kuwauliza vijana, wengi wanaliita "kushirikisha". Kuna mtaalam anaitwa Roger Hart, mwaka 1992 aliandika kwa UNICEF kuhusu ngazi yenye vipago nane vya ushiriki wa watoto, na vitatu vya chini akasema kabisa huo sio ushiriki, kimojawapo ni kuwafanya watoto mapambo. Mnakijua hiko bana: fulana mpya, wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi, picha ya pamoja, soda, kwisha. Mchoro ulishapitishwa zamani.

Nnachofanya mimi, kwanza siulizi "mnataka nini". Ukiuliza hivyo utajibiwa bwawa la kuogelea na bembea kama za Dar, maana ndo wanavyoviona kwenye simu. Nauliza jana jioni ulikuwa wapi, na nani, na kwanini uliondoka. Hapo ndo mambo yanatoka: pale kwenye mkungu kuna kivuli ila wakubwa wanacheza bao na wanatufukuza, kule kuna mtaro mvua ikinyesha hapapitiki, sisi wasichana tunaondoka mapema kwasababu njia ya kurudi haina taa. Ile njia isiyo na taa iko nje kabisa ya mpaka wa bustani, kwenye ramani yangu isingetokea kamwe.

Alafu usiishie shuleni tu. Ukienda shule unapata wanafunzi, na tena wale wanaonyoosha mkono. Wa bodaboda, wauza korosho stendi, wasichana waliomaliza la saba wako nyumbani wanalea, hao ufuate kijiweni na bombani. Na angalia kalenda, Oktoba mpaka Desemba ni msimu wa korosho wengi wako mashambani wanaokota, likizo nayo kuna jando na unyago, ukiitisha kikao muda huo utaongea na viti.

Wasichana nakaa nao pembeni kwanza, hili sibishani na mtu. Ukiwachanganya dakika kumi tu wavulana wameshaweka magoli mawili katikati na eneo limeisha. Sio huku tu, Vienna kule Austria utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha wasichana wakifika kama miaka tisa au kumi wanapotea kwenye bustani, mwaka 1999 wakabadilisha bustani mbili, wakagawa uwanja mmoja mkubwa kuwa sehemu ndogo ndogo, wakaboresha njia, na wasichana wakarudi. Huku kwetu ni sehemu ya kuchezea rede, sehemu ya kukaa kusukana na kupiga stori bila mtu kukuuliza unafanya nini hapo, na choo chenye mlango unaofunga kwa ndani. Choo kila mara kinatajwa na wasichana, wavulana wala hawakumbuki.

Baada ya hapo ndo hela. Nairobi kule Kibera UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, walitumia gemu la kujenga kwa matofali linaloitwa Minecraft, vijana wakajenga eneo lao kwenye kompyuta, safi sana, ila mimi natumia vizibo vya soda na mchanga. Kila kikundi kinapewa vizibo sawa, taa ya sola ina bei yake, benchi lina bei yake, miche ya mwarobaini rahisi, bomba ghali, na vikiisha vimeisha. Wanagombana kweli kweli, na ugomvi huo ndo nnaoutaka, kwasababu bajeti ya halmashauri nayo iko hivyo hivyo. Mara nyingi ile ya kuserereka ya chuma inatupwa nje mapema, wanajua wenyewe jua la huku saa nane mchana linafanya nini kwenye chuma.

Walichokubaliana tunakichora chini kwa kamba na chokaa, ukubwa halisi, wanachezea hapo siku kadhaa kabla fundi hajaleta tofali. Mistari inahama sana, na kuhamisha chokaa ni bei rahisi kuliko kubomoa zege.

Wazee huwa wananiambia mtoto ataamua nini. Nawasomea Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, mtoto ana haki ya kutoa maoni na kushiriki maamuzi yanayomgusa. Wengine wananuna. Ila wacheza bao nao nawatengea kivuli chao, na hapo kikao kinaendelea.

Mwisho tunabandika karatasi ofisi ya mtaa: hili limekubaliwa, hili limekataliwa na sababu yake. Usipobandika, mara ya pili hawaji. Kinachotusumbua mpaka leo ni matengenezo, vijana wanataka waoshe pikipiki pembeni ya bustani hela ilipie taa zikiharibika, mwenyekiti anasema tope litaingia kwenye mtaro, mimi nimewaambia wachimbe kwanza shimo la kuzamishia hayo maji machafu ardhini alafu tukae tena.