Gari Otomatiki la Zamani Linapotetemeka: Uliza Kwanza Linatetemeka Lini

Mteja mmoja aliniletea gari lake dogo la mwaka 2004 pamoja na bahasha ya risiti: plagi nne, maunti tatu za injini (vile vishikizo vya raba vinavyoibeba), balansi ya tairi zote mara mbili, na maunti moja iliyonunuliwa tena baada ya ile ya kwanza kulaumiwa. Gari lilikuwa bado linatetemeka. Nilipomuuliza linatetemeka lini, alijibu, "Muda wote, fundi." Tulipotoka naye barabarani tukabaini kwamba gari lilikuwa na mitetemo miwili isiyohusiana kabisa, mmoja wa kwenye foleni gia ikiwa D, yaani ya kwenda mbele, na mguu ukiwa juu ya breki, na mwingine wa mwendo wa kilomita 60 hadi 70 kwa saa, na kwamba kila fundi aliyelishika alikuwa akitibu mmoja kwa dawa ya mwenzake.

Mtetemo hufuata kitu kinachozunguka, na ukijua unafuata kipi, nusu ya kazi imeisha. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 700 kwa dakika huchoma mafuta mara mbili kila mzunguko, yaani mapigo yapatayo 23 kwa sekunde. Huo ni mtetemo wa haraka, unaosikika kama mvumo kwenye kiti. Silinda moja ikimisi, pigo linakosekana mara sita hivi tu kwa sekunde, na gari linatikisika kwa kishindo kinachohesabika. Tairi ya 195/65 R15 nayo ina mzingo wa karibu mita mbili, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa huzunguka mara 14 kwa sekunde. Hakuna haja ya kifaa cha kupima. Mkono uliozoea hutofautisha mapigo sita na mapigo 23 bila shida.

Kwa hiyo jaribio langu la kwanza hufanyika barabarani, pahali palipo wazi na pasipo magari nyuma. Gari likifika kwenye mwendo unaoleta mtetemo, natoa mguu kwenye mafuta na kusogeza gia hadi N, yaani huru, bila kuzima swichi, kwa sababu kuzima swichi kunaondoa msaada wa usukani na baada ya muda mfupi wa breki pia. Mtetemo ukiendelea ilhali injini imeshuka, chanzo ni magurudumu au vitu vinavyozunguka pamoja nayo. Ukikoma, chanzo kiko kwenye injini, giaboksi au mashafti yanayobeba nguvu. Kisha nasimamisha gari, naweka P na kupandisha injini hadi mizunguko ileile: likitetemeka hapo, magurudumu hayana kosa lolote.

Magurudumu hayahitaji maneno mengi. Tairi isiyo na balansi huanza kusumbua kuanzia kilomita 80 kwa saa hivi. Ya mbele hutikisa usukani, ya nyuma hutikisa kiti. Kabla ya kulipia balansi, osha upande wa ndani wa rimu, hasa baada ya masika, kwa sababu donge la tope lililokaukia humo huharibu mizani yote. Gari likiyumba hata kwenye kilomita 30, tafuta kinundu kwenye tairi na usome umri wake ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtetemo unaokuja unapokanyaga breki tu ni wa diski ambazo unene wake haulingani, na mara nyingi kosa hilo huanzia kwenye nati zilizokazwa kwa nguvu za kubahatisha baada ya pancha. Unaokuja unapokanyaga mafuta na kutoweka unapoyaachia, itazame jointi ya ndani ya shafti, ile iliyo karibu na giaboksi. Jointi ya nje hujitambulisha kwa kugonga wakati wa kukata kona.

Sasa turudi kwenye foleni. Gari otomatiki likiwa D na breki imekanyagwa, injini inasukuma giaboksi iliyozuiwa, na mzigo huo hufichua udhaifu usioonekana kwenye N. Wengi hukimbilia maunti, na kweli maunti ikifa injini hunyanyuka sana unapobadilisha kutoka D kwenda R. Mwenzako aangalie boneti ikiwa wazi, asimame ubavuni, kamwe asisimame mbele ya gari. Lakini maunti haizalishi mtetemo, inashindwa tu kuuzuia. Gari la mteja wangu lilikuwa linashuka hadi mizunguko 500 kwenye D, wakati lilipaswa kukaa karibu na 700, kwa sababu mlango wa hewa wa injini ulikuwa umejaa masizi. Tuliusafisha, tukairudisha mizunguko mahali pake, na zile maunti zilizotukanwa zikafanya kazi yake. Nikiri pia kwamba maunti za bei ya chini zenye raba ngumu zinaweza kuongeza mtetemo zikiwa mpya kabisa; kwa gari la umri huu mimi huona afadhali maunti halisi iliyotumika lakini nzima.

Mtetemo wa pili ndio ulionikalisha chini. Ulikuja kwenye mwendo wa taratibu, mguu ukigusa mafuta kidogo tu, na ulifanana kabisa na kupita juu ya rasta za barabarani. Kati ya injini na giaboksi otomatiki kuna toki konveta, yaani mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya oili. La injini linaisukuma oili, na oili inalizungusha la giaboksi. Kwa kuwa njia hiyo hupoteza nguvu, ndani yake kuna klachi inayoyafunga mapangaboi hayo pamoja gari linapotulia kwenye mwendo. Oili ikichakaa, au ikiwekwa isiyo ya aina inayotakiwa, klachi hiyo hushika na kuteleza mara nyingi kwa sekunde, na hapo ndipo rasta zinapozaliwa. Ili kuthibitisha, shika mwendo uleule na uguse breki kwa wepesi, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu: kompyuta huifungua klachi, mshale wa mizunguko hupanda kidogo, na mtetemo hukoma papo hapo.

Hapa ndipo hata mafundi wazuri huteleza. Klachi ile ikifunga, oili haimezi tena mapigo ya injini, hivyo plagi dhaifu au koili (inayoipa plagi umeme) inayochoka husikika wakati huohuo na huweza kunyamaza breki ikiguswa. Namna ya kutofautisha ni kupanda mlima ukiwa umekanyaga mafuta kwa nguvu. Injini inayomisi itazidi kulalamika chini ya mzigo, ilhali klachi ya toki konveta itakuwa imefunguka na gari litapanda likiwa limetulia. La mteja wangu lilitulia.

Oili yake, ambayo wengi madukani huiita haidroliki, ilikuwa ya kahawia na yenye harufu ya kuungua. Nilifungua sampo, yaani beseni la oili chini ya giaboksi, na kuitazama sumaku iliyomo, na kwa kuwa ilikuwa na uji laini wa kijivu tu bila vipande vya chuma, nilikubali kujaribu oili kabla ya kuzungumzia giaboksi nyingine. Kumwaga mara moja hutoa chini ya nusu ya oili yote, kwa sababu nyingine hubaki ndani ya toki konveta, hivyo tuliibadilisha mara tatu kwa nafasi ya wiki moja moja, kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ile imani kwamba kubadilisha oili huua giaboksi haitoki hewani; giaboksi iliyokwisha kuteleza gia haiokolewi na oili mpya, na oili ndiyo hulaumiwa. Ya huyu ilikuwa bado inaingiza gia kwa usahihi.

Baada ya mara ya kwanza rasta zilipungua. Baada ya mara ya pili zilisikika asubuhi tu, gari likiwa baridi. Alipokuja kwa mara ya tatu aliniuliza kama ile maunti ya ziada aliyoinunua inaweza kurudishwa dukani.