Je, wajua kwa nini seva ya imeli ya ofisi ikizima usiku kucha barua hazipotei?

Wengi wanaoseti seva ya imeli kwa mara ya kwanza wana hofu moja, kwamba umeme ukikatika tu barua za wateja ndo zimeenda. Hazijaenda popote jamani, ziko kwa aliyetuma zinasubiri.

Iko hivi, mtu akiwatumia imeli seva yake inaenda kwanza kuuliza DNS (daftari la majina ya mtandao), barua za domeini hii, yaani jina lililo baada ya @, anapokea nani? Jibu liko kwenye rekodi ya MX, ambayo ni jina la seva na namba ya kipaumbele, yenye namba ndogo ndo inajaribiwa kwanza (na pale weka jina, usiweke IP (anwani ya namba), wengi wanakosea hapo). Basi inagonga poti 25 kwenu (mlango wa kupokelea barua), seva yenu inaitikia 220, wanasalimiana, inaambiwa barua imetoka kwa fulani inakwenda kwa fulani, halafu barua yenyewe inamiminwa mpaka ifike nukta moja iliyokaa peke yake kwenye mstari. Hapo seva yenu inajibu 250. Hiyo 250 ndo kila kitu! Kabla haijatamkwa barua ni mzigo wa aliyetuma, na kanuni za SMTP (lugha ambayo seva hupelekeana imeli) zinamtaka arudie kujaribu kwa siku 4 au 5 hivi ndo akate tamaa. Ikishatamkwa mzigo ni wenu.

Kwa hiyo seva iliyozima haitishi sana, ya kuogopa ni iliyowaka na setingi mbovu. Jibu linaloanza na 4 maana yake rudi baadaye, la 5 maana yake usirudi tena. Mimi niliwahi kuhamisha seva nikasahau kuingiza anwani ya mauzo, ikawa inajibu 550, hakuna mtu huyo, wiki nzima wateja wanarudishiwa barua zao na sisi tunaona kimya tu tukadhani biashara imelala, kumbe logi (faili la kumbukumbu za seva) ilikuwa inaandika kila kitu na hakuna aliyeifungua. Iliniuma sana.

Ndo maana kama unatumia Postfix (programu ya kupokea na kutuma imeli kwenye seva) nakusihi siku za mwanzo weka soft_bounce = yes. Inageuza majibu ya 5 kuwa ya 4, kwa hiyo hata ukikosea barua zinabaki kwenye foleni kule zilikotoka na ukirekebisha zinaingia zenyewe. Ukitulia izime, la sivyo aliyekosea anwani atakaa siku kadhaa bila kujua.

Faiwoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) ifungue poti 25, watu wasome barua kwa Dovecot (programu ya kuwafungulia watu masanduku yao ya barua) kupitia poti 993, na seva isikubali kupeleka barua za watu baki kwenda domeini nyingine, maspama wataivamia haraka sana.

Kujaribu, jaribu kutoka nje ya mtandao wa ofisi, maana ukiwa ndani barua inaweza kufika bila kupita kwenye MX wala faiwoli ukajidanganya. Tuma moja kwa anwani iliyopo na nyingine kwa anwani ya uongo, halafu fungua logi uone seva yako imejibu namba gani kwa kila moja.