Kipande hakikuwa kitambulisho

Juzi nimemsikia tena mtangazaji wa redio akisema kipande kilikuwa "kitambulisho cha Mwafrika enzi za mkoloni". Wiki moja kabla, nilikuta maneno hayohayo kwenye daftari la mpwa wangu, ameyanakili ubaoni. Nimeona niandike.

Kwa kifupi, kipande kilikuwa cheti cha kazi ambacho mwanamume Mwafrika wa Kenya, kuanzia umri wa miaka 16, alilazimishwa kutembea nacho. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, Vita Kuu ikaichelewesha, utekelezaji ukaanza 1919.

Sasa neno lenyewe. Pande ni sehemu kubwa ya kitu. Ukilitia ki- linapungua: kipande cha mkate, kipande cha nguo. Wengi hudhani jina lilitokana na kile kibati kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Lakini kibati kilikuwa kifuko tu cha kuhifadhia karatasi, na kilikuwa na jina lake: Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Mtu mzima, pengine mwenye mifugo yake mwenyewe, anafungwa shingoni kitu anachokifunga yeye kwa beberu wake. Waliokipa jina hilo walijua wanachosema.

Tena Tanganyika kulikuwa na kipande kisicho na kibati. Kwenye mashamba ya mkonge kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na hizo si siku 30 za kalenda. Siku uliyoimaliza kazi uliyopangiwa ndiyo iliyotiwa alama. Siku uliyougua au kushindwa kumaliza haikuhesabiwa, hivyo "mwezi" mmoja ungeweza kuzidi sana siku 30 za kalenda. Hata kabla ya Waingereza, huko Wilhelmstal, Lushoto ya leo, Wajerumani walianza mwaka 1907 kuwapa wanaume kadi za kuwalazimisha kumfanyia kazi mlowezi siku 30 kila miezi minne. Hapo kipande ni kiasi cha kazi, na maana hiyo bado tunayo tunaposema mtu analipwa kwa kipande.

Turudi Kenya, maana hapa ndipo panaponiuma. Kitambulisho kinaeleza wewe ni nani. Karatasi ya kipande ilikuwa na jina, kabila na alama ya kidole, ni kweli, lakini uzito wake ulikuwa kwingine: mwajiri, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuondoka. Hiyo ya kuondoka ilihitaji saini ya mwajiri. Bwana akikataa kutia saini, mwajiri mwingine hawezi kukuandika kazi. Ukiondoka hivyohivyo, umetoroka, na kutoroka kazini lilikuwa kosa la jinai. Polisi akikukuta huna kipande, kuna faini au jela. Na kwa kuwa mshahara wa zamani ulisomeka pale, bwana mpya alijua kiwango cha chini ulichowahi kukubali. Mzungu hakuwa nacho, wala Mhindi. Kitambulisho gani hicho, kinachohitaji ruhusa ya bwana wako wa jana ili ule kesho?

Kipande, pamoja na kodi na kukatwa mishahara, ndicho alichokipinga mwanasiasa Harry Thuku. Alikamatwa Machi 1922, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, ukapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume waliotaka kurudi nyuma, aliuawa pale. Wanawake hawakubeba kipande. Yeye alikufa kwa ajili ya kile kilichokuwa shingoni mwa wengine. Thuku akapelekwa kizuizini Kismayu. Sheria ya kusajili watu wa rangi zote ilikuja mwaka 1947, na walowezi walilalamika sana kusikia kwamba nao watatakiwa kutia alama za vidole.

Mtu akiniambia leo "nimesahau kipande nyumbani" akiwa na maana ya kadi yake ya taifa, simsahihishi. Neno limehamia huko, na watu wana haki ya kulitumia. Ila tunapoeleza yaliyowapata babu zetu, tuseme cheti cha kazi. Kwenye daftari la mpwa wangu nimekata neno "kitambulisho" kwa penseli, nikaandika hayo matatu juu yake, na pembeni nikamwachia jina la Nyanjiru amuulize mwalimu wake.