Msianze na Mnara

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika kwa dadu, ambapo mwendesha mchezo hubuni dunia na wachezaji huichunguza, karibu kila ramani ya gofu la wachawi ninayoonyeshwa ina mnara uliokatika katikati, na maelezo ni yale yale: uchawi uliwashinda, mji ukalipuka. Ukiuliza maji walichota wapi, kimya. Nani aliwapikia? Kimya tena. Jamani, gofu ambalo halijawahi kuwa mji halina cha kuchunguzwa. Mchezaji anapiga dadu ya pande 20 ili achunguze, anapata 19, karibu alama ya juu kabisa, na mwendesha mchezo hana la kumwonyesha.

Chora kwanza mji ungali hai. Wachawi 20 (nasema wachawi kwa kukosa neno jingine, hawa si warogi wa usiku, ni watu wa vitabu) hawajipikii wala hawachanji kuni. Wape watumishi na wakulima 100 hivi. Kisima, jiko, vyoo, ghala: dakika 10 zinatosha.

Pa kukaa sana ni kwenye ngozi. Ulaya ya zama za kati vitabu vingi viliandikwa juu ya ngozi. Kwa kitabu kikubwa, ngozi moja ya ndama ikikunjwa mara moja hutoa kurasa 4, kwa hiyo kurasa 200 ni ngozi 50. Kitabu kimoja hicho! Basi kijiji cha wachawi kinanuka. Kina mahodhi ya chokaa ya kuloweka ngozi, fremu za kuziwambia, visu vya kukwangulia na lundo la mifupa. Viweke mwisho wa kijiji, mto unakoteremkia, upepo unakoelekea. Miaka 200 baadaye maktaba imegeuka udongo, lakini hodhi la mawe bado lipo na ukoko mweupe umeganda chini yake. Mhusika akiukwangua akakuta gamba la joka mahali pa nywele za ndama, hapo kampeni, yaani hadithi ndefu ya mchezo inayoendelea kikao baada ya kikao, imeanza.

Sasa uue mji, na uuue kwa mpangilio. Tazama Fountains Abbey, kaskazini mwa Uingereza, monasteri iliyofungwa mwaka 1539. Hakuna kilicholipuka. Madini ya risasi yaliyoezeka mapaa yalikuwa mali, yakavuliwa. Paa likitoka mvua inaingia, mbao zinaoza, kisha majirani wanakuja kubeba mawe, wakianza na yale yaliyochongwa vizuri ya kona na milango. Na mnara? Mnara mkubwa wa pale, uliojengwa na mkuu wa monasteri, abati Huby, miongo michache tu kabla ya kufungwa, umesimama mpaka leo. Ndiyo maana nasema msianze nao.

Kosa jingine ni hazina kukaa juu ya sakafu safi. Paa zito la mawe na chokaa huangukia ndani, na chumba kinajaa kifusi hadi kiunoni. Kilichokuwa sakafuni kimefunikwa, labda kimepona. Kilichokuwa kwenye vidaka vya ukutani kimeibwa au kimelowa. Kufukua chumba cha mita 3 kwa 4 wape watu 4 siku nzima, na kila saa piga dadu kuona nani amesikia kelele za majembe.

Majina ya vyumba jifunzeni Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, Kenya. Nyumba kadhaa za pale zimeitwa kwa vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Mchezaji akisikia "Nyumba ya Mkasi" atauliza mkasi wa nani. "Chumba namba 7" hakimsukumi kuuliza chochote.

Ninapositasita ni kwenye chanzo cha anguko. Kuhusu Gedi wataalamu bado wanabishana: wapo wanaotaja vita, wapo wanaotaja maji ya visima kushuka. Fumbo la namna hiyo lina uzito wake, ila wachezaji wakimaliza vikao 6 bila jibu huchoka. Mimi huandika sababu 2 zinazopingana, kila moja na dalili 3 za kuonekana kwa macho, na bado sijui kama ni haki kujiamulia mapema ipi ya kweli. Dalili ninayoipenda kuliko zote naiweka kisimani. Mdomoni kuna michirizi ya kamba yenye kina cha kidole. Ukiteremka, chini ya mawe yaliyopangwa kwa ustadi, utakuta mita 2 za mwisho zimechimbwa ovyo, hazikujengewa, na sururu imeachwa hapo hapo ukutani.