Mwenye Kikao ni Mteja: Kwa Nini Mnasihi Hakuamulii la Kufanya

Katika miezi ya karibuni kitengo chetu cha saikolojia tiba kimepokea malalamiko mengi kuliko kawaida, na karibu yote ni ya aina mbili: ya wateja waliokaa na mnasihi kikao kizima bila kuambiwa la kufanya, na ya ndugu waliokataliwa kuelezwa yaliyosemwa ndani. Ninaamini wengi wao wanalalamika kwa nia njema, na kwa sababu hiyo nitaeleza ninavyofanya kazi.

Jina la huduma yenyewe limechangia. Anayesikia "ushauri nasaha" hutarajia kupewa vyote viwili, ushauri na nasaha, kama anavyopewa na shangazi, somo au kiongozi wake wa dini. Siwabezi watu hao. Ila mteja wangu kwa kawaida huwa ameshapita kwao, naye hunijia akiwa na maelekezo yanayogongana, kiasi kwamba nikiongeza langu nitakuwa nimemzidishia mzigo. Humwuliza kilichomleta leo na si mwezi uliopita, kisha hunyamaza kwa makusudi, kwa kuwa neno ambalo mtu hajawahi kulitamka mara nyingi hutoka baada ya ukimya. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alipendelea kumwita anayesaidiwa mteja badala ya mgonjwa, na kwa hilo ninamfuata. Simfuati katika kila jambo: anayesumbuliwa na hofu ya ghafla humpa kazi ya kuandika nyumbani mawazo yanayomjia moyo unapoanza kwenda mbio, na kikao kinachofuata tunayapima moja baada ya jingine. Lakini kuamua kama arudi kwa mumewe au aache kazi, huko siendi, kwani atakayeishi na matokeo ni yeye.

Kuhusu siri, kabla ya kikao cha kwanza mteja husomewa fomu ya ridhaa, huruhusiwa kuuliza maswali, kisha husaini nakala mbili, moja yake na nyingine ya jalada, ambalo hufungiwa kabatini na halitoki bila kusainiwa daftarini. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mtu anayetoa taarifa binafsi kinyume cha sheria hiyo anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi milioni 20, kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au kupewa adhabu zote mbili. Kwa hiyo mume anayegonga meza ya mapokezi akisema yeye ndiye aliyelipa, ananitaka nivunje sheria. Risiti aliyonayo ni ya huduma, haimpi umiliki wa maneno ya mkewe.

Siri hiyo ina mipaka, nayo mteja huelezwa siku ya kwanza. Amri ya mahakama ni mmojawapo. Mwingine ni mtoto anayedhulumiwa: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka taarifa ifikishwe kwa mamlaka ya serikali ya mitaa, nasi huipeleka kwa afisa ustawi wa jamii. Mteja akisema anafikiria kujiua, simwoni kuwa mkosaji. Tunakubaliana ni ndugu gani aitwe na kitu gani cha hatari kiondolewe nyumbani, na ikilazimu anaonana na daktari wa magonjwa ya akili siku hiyohiyo. Hata hapo, ndugu anayeitwa huelezwa yanayohitajika ili kumlinda mteja, na hakuna zaidi.

Mwenye lalamiko aliandike, ataje tarehe ya kikao na namba ya jalada, na alikabidhi kwa mkuu wa kitengo. Anayetaka kubadilishiwa mnasihi atabadilishiwa bila kuulizwa sababu. Barua za kudai kujua alichosema mtu mzima mwingine zitarudishwa kwa waandishi wake.