Msichana Mwenye Hereni ya Lulu si picha ya mtu fulani

Wengi huamini kwamba "Msichana Mwenye Hereni ya Lulu", mchoro wa rangi za mafuta alioufanya Johannes Vermeer wa Uholanzi mnamo 1665 hivi, ni picha ya binti fulani ambaye familia yake iliagiza achorwe. Sivyo. Ni kazi ya aina ambayo Waholanzi wa karne ya 17 waliiita troni, yaani kichwa kilichochorwa ili kuonyesha sura, hisia au vazi la kigeni, pasipo kukusudia kumtambulisha mtu, hata kama palikuwa na mtu aliyeketi mbele ya mchoraji.

Lulu yenyewe, ukiisogelea, haina hata kitanzi cha kuining'iniza: ni mguso mzito wa rangi nyeupe juu na mng'ao hafifu chini unaoakisi ukosi wa nguo yake, na jicho la mtazamaji ndilo linalomalizia kazi. Na ule weusi wa nyuma? Uchunguzi ulioanza 2018 katika makumbusho ya Mauritshuis ulibaini mikunjo ya pazia la kijani, ambalo Vermeer alilipata kwa kupaka utando mwembamba unaopitisha nuru juu ya tabaka jeusi, utando ambao umefifia kwa miaka mingi. Buluu ya kilemba, iliyosagwa kutoka jiwe ghali la lazuardi, bado inaonekana.