Shokapu ya umeme haijui uzito wako

“Fundi, hii ni ya umeme, inajipanga yenyewe.” Kauli hii inaingia gereji na karibu kila pikipiki kubwa ya mbio inayopanda kuja Iringa na Mbeya. Mara nyingi anayeitoa ana kilo 95 na begi zito mgongoni, na analalamika kwamba pikipiki ya mamilioni inatanuka kwenye kona za Kitonga kama lori lenye tela.

Haijipangi. Kwenye Yamaha R1M, Ducati Panigale V4 S au Honda CBR1000RR-R SP, kompyuta inatawala njia ya mafuta ndani ya shokapu, basi. Inaibana na kuifungua mfululizo kwa kusoma mlalo wa pikipiki, breki, mwendo wa magurudumu na eksileta. Springi haiigusi. Mkazo wa springi unawekwa kwa spana na mkono wa mtu, na kwa kawaida kiwandani waliuweka wakimfikiria mpanda wa kilo 75 hadi 80 hivi, bila abiria na bila gunia la viazi.

Kwa nini ning'ang'anie springi? Kwa sababu mafuta yanazuia pale tu shokapu inapotembea. Ikisimama, hayabebi hata kilo moja. Shuka Kitonga umeshika breki sekunde tano mfululizo kabla ya kona: kompyuta itabana njia ya mafuta na pua itachelewa kuzama. Itachelewa tu. Mafuta yanaendelea kupenya hadi pua ikae pale springi inapoweza kuibeba. Kama springi imelegea, unaingia kwenye kona ukiwa umebakiwa na sentimita moja ya nafasi ya kuzama, na kiraka cha kwanza cha lami kinaimaliza. Tairi linaruka, wewe unalaumu programu. Kubadili kutoka hali ya barabara kwenda hali ya mbio kunaongeza ule muda wa kuchelewa tu, na kwenye lami iliyochimbwa na malori ya Tunduma kunakuletea balaa jingine: gurudumu halifuati tena mashimo, linarukaruka juu yake.

Nyuma ikilegea, mambo yanageuka. Mkia unalala, pua inanyanyuka, gurudumu la mbele linapungukiwa uzito na pikipiki inagoma kuingia ndani ya kona. Ndiyo ile “inatanuka” ya mwanzo. Usiku utaona taa inamulika vilele vya miti.

Pima hivi, watu watatu na futi ya chuma. Inyanyue pikipiki hadi gurudumu lining'inie. Mbele, pima sehemu ya foki (shokapu za mbele) inayong'aa, kuanzia kwenye sili hadi kwenye mguu wa ekseli. Nyuma, pima kutoka katikati ya ekseli kwenda juu wima hadi alama uliyobandika kwenye mkia. Andika. Sasa mwenye pikipiki apande na mavazi yake yote, helmeti na begi lake, miguu kwenye pedali, mtu mmoja akimshikilia. Ibonyeze, iachie taratibu, soma. Inyanyue kidogo, iachie taratibu, soma tena. Chukua wastani wa vipimo viwili, maana msuguano wa sili unadanganya. Toa wastani huo kwenye kipimo cha kwanza; tofauti ndiyo kiasi ilicholala. Swichi iwe imewashwa au imezimwa haijalishi. Hapa tunapima springi, si mafuta.

Kwa barabara unatafuta milimita 30 hadi 35 mbele na nyuma. Kama nyuma imelala 44 na unataka 32, huhitaji kukaza milimita 12: linki ya nyuma, ile mikono inayounganisha shokapu na gurudumu, inazidisha karibu mara mbili, kwa hiyo kaza ringi inayobana springi kama milimita 6, kisha upime upya. Mbele ni moja kwa moja, milimita kwa milimita.

Halafu mwambie ashuke, upime nyuma pikipiki ikiwa imesimama kwa uzito wake yenyewe. Inapaswa kulala milimita 5 hadi 10. Kama umepata 32 na mpanda lakini bila mpanda hailali kabisa, springi ni laini mno kwake na umeikaza kupita kiasi. Nunua ngumu zaidi, acha kuzungusha ringi. Ikilala zaidi ya 15 bila mpanda, springi ni ngumu mno. Kipimo hiki cha pili ndicho kinachorukwa, hata na mafundi wenye kompyuta ya kusomea makosa.

Baada ya hapo ndipo uguse menyu. Hali ya barabara, lami kavu, safari moja Uyole hadi Igawa, ndipo uje tubishane.

Kuna kauli nyingine za gereji za kujibu. “Za umeme hazina huduma.” Zina mafuta yale yale na sili zile zile. Mafuta yanachakaa, na kompyuta inaendelea kubana mafuta yaliyokwisha nguvu. Sili ikivuja, mafuta yanashukia kwenye diski na padi. Padi iliyolowa haioshwi, inatupwa. Na tafadhali, mashine ya presha ya kuoshea isielekezwe kwenye plagi za nyaya za shokapu wala kwenye midomo ya sili. Kitambaa chenye maji kinatosha.

“Taa ya hitilafu imewaka, shokapu imekufa.” Kwa kawaida hitilafu ikitokea valvu zinabaki kwenye mpangilio wa kudumu na pikipiki inaendeshwa kama ya kawaida, kwa upole. Anza na betri. Ya asidi iliyopumzika isome volti 12.6 au zaidi. Asubuhi ya Julai hapa Mbeya betri iliyochoka inashuka wakati wa kuwasha na kompyuta inaandika makosa yasiyokuwepo. Kisha kagua plagi ya sensa ya gurudumu, hasa kama tairi limebadilishwa juzi.

“Ni ya injekta, mlimani haipungui nguvu.” Injekta inarekebisha mchanganyiko. Hewa haiongezi. Mita 1,700 juu ya bahari, kama hapa Mbeya, unapoteza kama asilimia 17, kwa hiyo farasi 200 wanabaki 165 hivi.

“Huku juu hewa nyepesi, ongeza upepo.” Hapana. Tairi lililojazwa psi 36 Dar kwenye nyuzi 30, likifika Mbeya kwenye nyuzi hizo hizo, geji itasoma karibu 38.7, kwa sababu hewa ya nje inalisukuma kwa nguvu ndogo kuliko ya Dar. Asubuhi ya nyuzi 8 litasoma karibu 35. Mwinuko unapandisha, baridi inashusha, na vinakaribia kufutana. Ongeza hiyo psi moja iliyokosekana, kwa geji yako mwenyewe, kabla tairi halijapata moto.